Kwenye Civ kiongozi wako ni nani, na unamchagua kwa kigezo gani?

#1 ZamuMojaTu
Wakuu salama. Niende moja kwa moja. Civilization VI (Civ), ile gemu ya kompyuta ya kuongoza taifa zamu kwa zamu, naicheza tangu ilipotoka 2016, masaa niliyomaliza humo sitayataja maana mtu ninayeishi naye yumo humu jukwaani na anasoma. Jana nikajiapiza leo namchukua mtu mpya. Nikapitia orodha nzima ya viongozi, robo saa nzima, huyu nampita, huyu nasoma bonasi zake naguna, mwisho wa yote kidole hicho kwa Trajan wa Roma. Tena! Nikajiuliza hivi huyu Trajan ana nini. Mji ukijenga unakuja na mnara wa kumbukumbu wa bure, barabara inajichora yenyewe mpaka makao makuu, basi, hamna cha ajabu. Sasa dai langu ni hili, nipingeni: kiongozi unayempenda sio yule mwenye nguvu, ni yule anayefanya zamu 50 za mwanzo zisikuumize kichwa. Ukishavuka zamu ya 100 viongozi wote wanafanana tu, kila mtu ana viwanda na kila mtu ana madeni. Leteni wenu na sababu. Asiye na sababu asome tu.

#2 Kombamwiko99
Nimekaa mkao wa kula.

#3 jangwa_ni_mali
Mansa Musa wa Mali na sina mjadala. Mleta mada unasema viongozi wote wanafanana baada ya zamu ya 100, hiyo ni chai. Mali haifanani na mtu yeyote. Wenzako wakianzia jangwani wanaanza upya gemu, mimi nikiona mchanga pande zote nacheka peke yangu. Mapu yote ni vigae, sasa kila kigae cha jangwa kwenye mji kinaongeza dhahabu moja kwenye msafara wa biashara unaoenda nje, migodi inatoa dhahabu nne za ziada, halafu wilaya yao ya soko, Suguba, inakupunguzia bei asilimia 20. Adhabu yake ni kwamba kujenga majengo na askari kunazorota asilimia 30 lakini nani anajenga? Mali haijengi, Mali inanunua. Jirani anatangaza vita asubuhi, ikifika jioni nina wapanda farasi sita ambao zamu iliyopita hawakuwepo duniani.

#4 Impi_Moja
Shaka. Sababu: sipendi kuongea na watu. Wengine wanangoja mpaka wafikie hatua ya utamaduni inayoitwa Nationalism ndio waunganishe vikosi viwili kuwa kimoja, Shaka anaunganisha tangu hatua ya Mercenaries, mapema zaidi, na kila kikosi kilichounganishwa kinapata nguvu 5 za ziada. Akiteka mji, kile kikosi kilichoingia kinakua chenyewe. Ni kama gemu nyingine kabisa.

#5 karani_wa_namba
@jangwa_ni_mali #3 nakurekebisha kidogo kabla vijana hawajapotea. Sio kila kigae cha jangwa, ni jangwa tambarare. Vilima vya jangwa havihesabiwi. Nimeshapoteza gemu nzima kwa kujenga mji katikati ya vilima nikidhani nimepata.

#6 jangwa_ni_mali
@karani_wa_namba vinahesabiwa mkuu, chakula na imani navipata.

#7 karani_wa_namba
Unachanganya vitu viwili. Chakula na imani ni kwa vigae vinavyogusa katikati ya mji, hapo ndio kilima cha jangwa kinakubalika. Dhahabu ya msafara ni tambarare tu. Fungua gemu uhesabu.

#8 jangwa_ni_mali
Ngoja nikafungue.

#9 Shangazi wa Mapu
Watoto mna raha. Mimi nimeanza na toleo la pili la gemu hii, la 1996, wakati huo kila taifa lilikuwa na kiongozi mwanamume na mwanamke, unachagua. Wazuri sana, ila pale walipokosa jina la mwanamke walitunga tu. Wazulu walipewa mwanamke anaitwa Shakala. SHAKALA jamani. Mtu alikaa kitini akasema hapa niweke nini, akaongeza silabi moja akaenda kunywa kahawa. @Impi_Moja huyo ndiye shemeji yako.

#10 Impi_Moja
😂😂 shangazi umeua. Lakini angalau Shaka mwenyewe hajakosekana, kuanzia ile ya kwanza ya 1991 mpaka ya sita yumo. Ni wachache wana rekodi hiyo.

#11 karani_wa_namba
Yumo, ila kuanzia ya nne amekuwa anachelewa. Ya nne aliletwa na nyongeza ya Warlords 2006, ya tano na Brave New World 2013, ya sita na Rise and Fall 2018. Kila mara ukitaka Shaka lipa kwanza. Wanajua mtalipa.

#12 fundi_wa_saa
Mleta mada dai lako nalipinga kwa neno moja: Hammurabi. Yaani huyu zamu 50 za mwanzo ndio zinaumiza kichwa kuliko zote na ndio maana nampenda. Babeli sayansi yake ya kila zamu inakatwa nusu, lakini ukitimiza sharti la Eureka (kazi ndogo inayoharakisha kuvumbua teknolojia fulani) unapewa teknolojia yote, sio asilimia 40 kama wengine. Sasa angalieni. Sharti la Machinery ni kuwa na wapiga mishale watatu. Watatu tu! Nafundisha wa kwanza, wa pili, wa tatu, ding, tayari nina teknolojia ya wapiga upinde wa chuma wakati jirani yangu bado anatupa mawe. Nikipata hao wa upinde wa chuma wawili, hilo ni sharti la Metal Casting, ding, nimepata mzinga wa kubomolea kuta. Gurudumu sijavumbua. Sina gurudumu lakini nina mzinga, sijui tunaubeba mgongoni. Zamu zote unakimbiza masharti kama mtu anayekusanya stempu. Kiongozi wa kupenda ni yule anayekubadilishia jinsi ya kufikiri, sio anayekupumzisha.

#13 ZamuMojaTu
@fundi_wa_saa hapo sasa umenena, ila mimi nikitoka kazini sitaki kubadilishiwa jinsi ya kufikiri. Nataka barabara ijichore.

#14 popo_mchana
Mnaongea mambo ya bonasi kama wahasibu. Mimi nachagua kwa muziki. Kwenye ya sita kila taifa lina wimbo wake unaokua na zama, mwanzoni chombo kimoja au viwili, zama za kati unanenepa, viwandani inaingia okestra nzima. Nimecheza Scotland gemu tatu mfululizo sijawahi kushinda hata moja, sijali.

#15 Kombamwiko99
@popo_mchana wewe ndio mchezaji halisi humu.

#16 tarishi_mzito
Mimi nachagua kwa lugha. Viongozi wanaongea lugha zao, sasa Shaka akianza Kizulu na Mvemba a Nzinga akishuka na Kikongo, maneno mawili matatu nayadaka bila hata kusoma maandishi ya chini. Unaona kabisa ni binamu anaongea chumba cha pili. Trajan na Kilatini chake simsikii kitu. Nikishadaka neno najikuta nimempa urafiki hata kama mkataba aliouleta ni wa kipumbavu.

#17 Chatu Mpole
Mvemba huyo huyo anayenikera. Kila baada ya zamu kadhaa anakuja kulalamika kwamba nina dini lakini sijampelekea. Jenga hekalu lako bwana!

#18 tarishi_mzito
@Chatu Mpole hawezi, ndio sifa yake. Kongo hairuhusiwi kujenga maeneo matakatifu wala kuanzisha dini. Anangoja ya mwenzake iingie kwenye miji yake mingi, halafu anafaidi imani za mwanzilishi kana kwamba dini ni yake. Na kihistoria wamemkata vizuri tu, yule ni Afonso wa Kwanza, alibatizwa 1491, mwaka ule ule na baba yake. Ila kitu gemu haikisemi ni kwamba ndiye huyo huyo aliyeandika barua kwa mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika wafanyabiashara wanabeba watu wake utumwani, hadi ndugu zake. Ukishajua hilo, ile sura ya tabasamu anayokuja nayo kwenye skrini unaiangalia tofauti.

#19 Dada Ndongo
Afadhali huyo kawekwa kwenye nchi yake. Nzinga Mbande je? Wamemleta mwaka 2022 kwenye ile nyongeza ya viongozi, nikafurahi mpaka nikaruka, kufungua naona anaongoza KONGO. Nzinga alikuwa malkia wa Ndongo na Matamba. Kongo ni jirani. Ni sawa na kumweka mtu aongoze nyumba ya pili kwa sababu zina ukuta mmoja.

#20 Kombamwiko99
@Dada Ndongo sasa si bora wamemweka kuliko kumkosa kabisa

#21 Dada Ndongo
Nimeshasema namchezea, sijasema nimesusa. Namchezea huku nimenuna. Na kingine, bonasi yake inakupa asilimia 10 zaidi kwa miji iliyo bara moja na makao makuu, ikiwa bara jingine unakatwa asilimia 15. Yaani anakaa nyumbani. Hiyo wamepatia, mama alipigania nyumbani kwake miaka mingi kabla ya kufariki 1663.

#22 mpenda_ukweli
Ethiopia ndio wameiheshimu. Civ V walimpa Haile Selassie ile nguvu ya Adwa, ukipigana na mwenye miji mingi kuliko wewe unapata asilimia 20. Aliwapiga Waitaliano Adwa na gemu ikamkumbuka.

#23 karani_wa_namba
Mkuu hapana. Adwa ni Machi 1896, Haile Selassie alizaliwa Julai 1892. Alikuwa na miaka mitatu. Aliyeongoza ni Menelik wa Pili, ambaye kwenye gemu amekuja 2020, Civ VI.

#24 mpenda_ukweli
Aisee. Miaka mitatu.

#25 Impi_Moja
Labda alisaidia kubeba maji

#26 karani_wa_namba
Na wa sasa wamemtengeneza vizuri. Menelik miji yake ikikaa juu ya vilima inapata sayansi na utamaduni sawa na asilimia 15 ya imani, na askari wake wakipigana kilimani wana nguvu 4 za ziada. Ni kiongozi wa kusoma ardhi. Mimi binafsi kigezo changu ndio hicho, kiongozi anayenifanya niangalie mapu. Nikianza na Peter wa Urusi natafuta baridi, vigae vya tundra ambavyo kila mtu anavikimbia vinampa imani na uzalishaji, na mji wake ukianzishwa unameza vigae vitano zaidi. Nikianza na Menelik natafuta vilima. Trajan haangalii kitu, anakaa popote.

#27 ZamuMojaTu
Kukaa popote ni sifa mkuu, sio tusi.

#28 jangwa_ni_mali
Nimerudi. Nimefungua nimehesabu. Karani yuko sahihi, vilima havimo kwenye dhahabu. Miaka yote hii. Sitaki kuzungumzia.

#29 karani_wa_namba
Pole kaka. Karibu.

#30 nyuki_wa_usiku
Naona hamjamtaja mwenye gemu. Gandhi. Namchagua kwa sababu ya ule utani wake wa nyuklia. Kwa wasiojua: kwenye ya kwanza kabisa ukali wake ulikuwa 1, akiingia demokrasia unapunguzwa 2, namba ikashindwa kwenda chini ya sifuri ikazunguka mpaka 255, mzee wa amani akaanza kurusha mabomu.

#31 Shangazi wa Mapu
Hiyo ni hadithi mwanangu. Nzuri, lakini hadithi. Sid Meier mwenyewe kaandika kwenye kitabu chake cha kumbukumbu cha 2020 kwamba kosa hilo halikuwepo.

#32 nyuki_wa_usiku
Shangazi mimi nimerushiwa bomu na Gandhi kwa macho yangu haya.

#33 Shangazi wa Mapu
Umerushiwa kwenye ya tano au ya sita. Kwenye ya tano walimwekea makusudi kiwango cha juu cha kupenda nyuklia, utani ulishasambaa intaneti wakaukubali. Ya zamani, India ilikuwa inapenda sayansi, ikafika kwenye bomu mapema, na yale maneno ya kutishia kwa silaha za nyuklia kila kiongozi alikuwa anayatamka. Sasa likitoka mdomoni kwa Gandhi unalikumbuka, likitoka kwa Stalin nani atakumbuka?

#34 fundi_wa_saa
Sikubaliani kabisa kwamba ni kumbukumbu tu. Mbona watu wengi walikumbuka kitu kile kile?

#35 Shangazi wa Mapu
Kwa sababu waliambiana. Mimi mwenyewe kuna kipindi nilikuwa nasimulia kana kwamba niliona.

#36 nyuki_wa_usiku
Bado namchagua.

#37 Chatu Mpole
Nirudi kwenye swali. Kuna viongozi wawili wa kupenda: wa kucheza naye na wa kuwa naye jirani. Hawafanani. Wa kucheza naye mimi ni Seondeok wa Korea, anajenga chuo chake juu ya kilima kinatoa sayansi 4 papo hapo, safi, mpole. Lakini jirani namtaka Gilgamesh. Huyu baba ukimpa urafiki hakuachi, anataka muungano, anataka mwende vitani pamoja, kama kaka mkubwa asiyejua kugonga mlango. Ambaye SIMTAKI jirani ni Harald wa Norway. Anapenda wenye jeshi kubwa la majini. Nimewekwa katikati ya bara, bahari yenyewe sijaiona, anakuja ananicheka sina meli. Zamu kadhaa tena anakuja ananicheka. Mkuu nitaelea wapi?

#38 Impi_Moja
Umemsahau Montezuma, ukiwa na bidhaa ya anasa ambayo yeye hana anakuchukia. Nina hariri, ana hasira.

#39 Dada Ndongo
Na Qin Shi Huang ukimzidi maajabu. Nikijenga Petra tu, lile ajabu la jangwani, naona sura imebadilika.

#40 jangwa_ni_mali
Petra hiyo niachie mimi tafadhali, ndio kitu pekee kilichobaki cha kunifariji.

#41 wakili_wa_kilwa
Nimesoma uzi wote, naona mmezunguka Roma, Mali, Babeli, Korea. Nina dukuduku moja. Gemu hii mwaka 2005, toleo la nne, iliwekewa muziki wa kufungulia wa Kiswahili, Baba Yetu ya Christopher Tin, na 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kuchukua Grammy. Kiswahili! Dunia nzima ya wachezaji inaimba bila kujua inaimba nini. Kwenye ya sita Zanzibar imo kama mji huru, ukiufadhili unapewa karafuu na mdalasini ambazo hazipatikani kwingine kokote kwenye mapu. Kwa hiyo tumetoa wimbo na tumetoa viungo, kiti cha kiongozi mpaka leo sijakikalia. Mimi kiongozi wangu ninayempenda hayumo kwenye gemu, ndio jibu langu.

#42 ZamuMojaTu
Haya ungemweka nani mkuu? Na bonasi zake utoe, usiishie jina.

#43 wakili_wa_kilwa
Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule Abu al-Mawahib. Ibn Battuta alifika kwake 1331 akamsifia ukarimu. Sasa ona kichekesho: Civ VII ilipotoka 2025, kati ya viongozi wake yumo nani? Ibn Battuta. Mgeni kapewa kiti, mwenyeji aliyempokea hayumo! Bonasi: misafara ya baharini ikipita bandari yake inaacha dhahabu, na kila zawadi unayompa jirani inakurudia kwa utamaduni. Wilaya maalumu msikiti wa matumbawe. Jengo maalumu kiwanda cha sarafu, maana Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe.

#44 Shangazi wa Mapu
Hiyo ya zawadi nimeipenda.

#45 Impi_Moja
Biashara tupu, vita iko wapi? Leta Mkwawa. Lugalo 1891, kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kilikwisha pale na Zelewski mwenyewe. Bonasi: adui mwenye teknolojia kubwa kuliko wewe akipita msituni anapoteza nguvu.

#46 Dada Ndongo
Mekatilili wa Menza, yule mama wa Wagiriama. Hana haja ya jeshi, anawaapisha watu, miji ya adui uaminifu unashuka wenyewe.

#47 mpenda_ukweli
@Dada Ndongo huyo kwenye mfumo wa uaminifu wa Civ VI angekuwa balaa. Unakaa tu mpakani miji inakuja.

#48 karani_wa_namba
@wakili_wa_kilwa kama hamu ni Kilwa tu, nenda Europa Universalis IV. Mwaka 1444 gemu inapoanza Kilwa ipo unaichukua, na kituo kizima cha biashara cha pwani kinaitwa Zanzibar. Ila kule kiongozi humchagui, anakufa unapewa mwanawe, na mwanawe anaweza kuwa na sifuri kwenye utawala, sifuri kwenye diplomasia na sifuri kwenye vita.

#49 wakili_wa_kilwa
Nimeshacheza. Mwanangu alikuwa na moja, sifuri, moja. Nikamweka kuwa jemadari ili afe vitani, hakufa, akafa baba.

#50 Kombamwiko99
😂😂😂😂

#51 popo_mchana
Mmeitaja ya saba, mimi ndio iliyonivuruga. Kule kiongozi na taifa vimetenganishwa. Zama ni tatu, na ilipotoka kila zama ikiisha ulikuwa unabadili taifa ila kiongozi anabaki. Unaweza kumchukua Amina wa Zazzau ukaanza na Roma. Sasa kama kiongozi ndiye pekee anayebaki si ndio angetakiwa kupendwa zaidi? Mbona mimi simpendi mtu?

#52 fundi_wa_saa
Kwa sababu hana nyumba. Kiongozi bila watu wake ni mwigizaji tu.

#53 Dada Ndongo
Napinga. Mimi Amina nimeanza na Aksum, nikaenda Songhai, nikamaliza na Buganda, nimejisikia nyumbani kuliko Nzinga wenu wa Kongo. Ukitaka nyumba unaijenga. Na Harriet Tubman kule ni moto, misitu haimpunguzii mwendo na ushawishi wa kufanyia ujasusi anapewa maradufu. Mwingine anazunguka msitu yeye anakatiza.

#54 tarishi_mzito
Kwa kweli ya saba nimemchukia kila mtu sawasawa lakini Tubman pale kwenye msitu nilisimama nikapiga makofi. Mtu aliyebuni hiyo alisoma.

#55 mpenda_ukweli
Mleta mada hajasema kama amebadili msimamo. Tumempa kila kitu.

#56 ZamuMojaTu
Msimamo uko pale pale, ila mnanitia majaribuni. Fundi anasema kichwa kiume, popo anasema muziki, tarishi anasema lugha, karani anasema mapu, wakili anasema hayumo. Haya, nimebonyeza kitufe cha bahati nasibu, anayekuja nacheza naye usiku huu mpaka mwisho na sianzi upya. Nimeapa.

#57 Kombamwiko99
Screenshot la sivyo ni uongo

#58 ZamuMojaTu
Nimepewa Kupe, yule baharia wa Wamaori. Nimewekwa katikati ya bahari. Hamna nchi kavu. Pande zote maji. Nifanyeje?

#59 karani_wa_namba
Tulia, Kupe ndivyo anavyoanza, meli anazijua tangu zamu ya kwanza na bahari kuu anaivuka. Kila zamu ambayo hujajenga mji unapewa sayansi 2 na utamaduni 2, kwa hiyo usiwe na haraka. Tafuta pwani yenye msitu.

#60 fundi_wa_saa
Usimsikilize, jenga haraka. Ukicheza Deity, kile kiwango kigumu kuliko vyote, wapinzani wa kompyuta wanaanza na walowezi watatu kila mmoja, wewe unatembelea bahari kama mtalii.

#61 Shangazi wa Mapu
Mimi nilitafuta zamu kumi na mbili nikapata sehemu nzuri sana. Ilikuwa ya Shaka.

#62 ZamuMojaTu
Zamu ya 9. Bado maji. Kuna kitu kimoja nakiri, muziki wa huyu mtu ni mzuri.

#63 popo_mchana
Asante.

#64 mgeni_wa_leo
Trajan, kwa sababu ya barabara.

#65 Impi_Moja
@mgeni_wa_leo umesoma uzi lakini?

#66 mgeni_wa_leo
Hapana

#67 ZamuMojaTu
Zamu ya 14. Nimejenga kwenye kisiwa chenye vigae sita, viwili ni milima. Nikaunda meli moja nikaituma ichungulie dunia. Imekutana na Harald. @Chatu Mpole kanisifia jeshi langu la majini. Nina meli moja.

#68 Chatu Mpole
Huyo mtu ana lake na mimi.